Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Wahenga walinena: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Aghalabu watu hushika nusu ya kwanza ya methali hii wakaiacha ya pili, hasa pale kitu kipya kinapoingia nyumbani kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja ya mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, mwezi wa Novemba 2012, siku ile sajini mmoja wa jeshi la Burundi aliporejea kutoka Somalia.

Askari wa Burundi walianza kuingia Mogadishu mwezi wa Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na tangu hapo nyumba nyingi za Bujumbura zilijifunza desturi mpya ya kungoja. Mke huhesabu miezi, watoto huhesabu sikukuu, na wazee huhesabu simu zinazoingia usiku. Sajini huyu alikuwa amekaa Mogadishu, kisha Baidoa, mji ambao askari wa Umoja wa Afrika walianza kuufikia mwezi wa Aprili 2012. Alirudi akiwa mzima wa viungo, mwembamba kidogo, na mkoba wake umejaa. Mkewe alipata vitenge viwili, mama mkwe akapata mtandio, na mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, akapata viatu vilivyompwaya. Mwisho wa yote baba wa nyumba alitia mkono mfukoni, akatoa kinanda kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, akakiweka juu ya meza taratibu kama mtu awekaye yai.

"Hiki," alisema, "ni changu mwenyewe."

Hakuna aliyelitilia maanani neno hilo wakati ule.

MGENI MEZANI

Kila mmoja alikipokea kinanda kile kwa namna yake. Mke alikigeuza huku na huku akitafuta mlango wa kutilia kaseti, asiuone. Mtoto alitafuta michezo, akakuta kioo chembamba chenye herufi tu, akavunjika moyo. Bibi, mama wa mke, aliuliza swali ambalo baadaye lilionekana kuwa la maana kuliko yote: "Sauti yake inatokea wapi?"

Haikutokea popote. Kinanda hakikuwa na spika. Kilikuwa na waya mwembamba uliogawanyika mara mbili, na ncha zake zilikuwa na visikilizio vidogo vya kutia masikioni, ambavyo vijana wa Bujumbura, kwa kufuata Kifaransa, huviita ekuteri. Bibi alitiwa kisikilizio kimoja katika sikio la kulia na kingine katika la kushoto. Wimbo ulipoanza alishika kifua.

"Jamani! Huyu anaimba ndani ya kichwa changu!" alipiga kelele, hata jirani wa ua wa pili akaja kuuliza kuna nini. Watu wote walicheka, naye Bibi akazidi kupaza sauti akiwauliza wanachekea nini, maana hakuwasikia. Kwa jioni ile kinanda kilikuwa kama mgeni wa methali nyingine, yule ambaye akija mwenyeji hupona.

Nyumba ile haikuwa ngeni kwa muziki. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na redio kaseti kubwa yenye mkono wa kubebea, na kila aliyepita barazani alikuwa na haki nayo. Asubuhi ilifungulia redio ya taifa, ambayo siku zile iliitwa Sauti ya Mapinduzi. Jioni sindano ilisogezwa polepole kuitafuta Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa ikija na kupotea kama mtumbwi nyuma ya mawimbi. Kaseti za Mbaraka Mwinshehe na za Franco zilizungushwa kwa kalamu ya risasi ili kuokoa betri, na betri zilizochoka zilianikwa juani pamoja na dagaa, kwa tumaini la kupata siku moja zaidi. Kaseti hizo hizo zilitumika kwa barua. Jamaa waliokuwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma na kwingineko, walinena salamu zao ndani ya kinasa sauti, wakakohoa, wakataja majina ya watoto wote mmoja mmoja, na mkanda ukasafiri kwa mkono wa msafiri. Ulipofika, hakuna aliyeusikiliza peke yake. Uliwekwa, ua mzima ukanyamaza, na aliyetajwa jina akaitikia kana kwamba mwenye kutaja yupo mlangoni.

Ukilinganisha na redio kaseti ile, kinanda cha sajini kilikuwa ajabu. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya gigabaiti 4. Kwa kuwa dakika moja ya wimbo uliobanwa kwa kiwango cha kawaida huchukua kadiri ya megabaiti moja, kiliweza kubeba nyimbo elfu moja za dakika nne nne. Hizo ni sawa na kaseti 44 za dakika 90, shehena ambayo zamani ingalihitaji sanduku zima na mtu wa kulibeba. Tena hakikuwa na mkanda wa kukatika wala kichwa cha kusuguliwa kwa spiriti.

Nyimbo zilitiwa na kijana mmoja aliyekuwa na kompyuta yake katika kibanda cha soko kuu la Bujumbura. Kazi yake ilikuwa kuuliza mteja apendacho na kumjazia. Sajini alichagua nyimbo za Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyepata umaarufu Dar es Salaam. Alichagua pia za Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura ambaye albamu yake Sambolera ilitoka mwaka 1996, na Franco hakusahauliwa. Alipoulizwa kama amekwisha, alifikiri kidogo, kisha akaomba nyimbo za inanga. Baba yake mzazi, mtu wa milimani, alikuwa akiipiga.

UKUTA USIOONEKANA

Baada ya juma moja kicheko kilipungua. Sajini alitoka kazini jioni, akavua buti, akatia visikilizio. Alikula navyo. Alikaa chini ya mwembe navyo, macho yametulia ukutani. Usiku alilala navyo, na mke aliyenyoosha mkono gizani alikutana na waya. Mtu akimsemesha alitabasamu na kutikisa kichwa, jambo ambalo lingeweza kuwa jibu la neno lolote.

Mke alikuwa amengoja mwaka mzima. Alikuwa na mambo aliyoyaweka akiba: ada ya shule, jirani aliyefiwa, mtoto aliyeugua malaria mwezi wa Machi akapona kabla baba hajaambiwa. Mambo hayo hayasemwi kwa mtu anayetikisa kichwa. Akayameza. Baadaye aliungama kwa mama yake kwamba alipokuwa Baidoa mumewe alikuwa karibu zaidi, kwa kuwa angalau katika simu alijibu.

"Baba watoto," alimwambia usiku mmoja, "umerudi au hujarudi?"

"Nimerudi," alijibu, baada ya kutoa kisikilizio kimoja na kuulizwa tena. Kisha akakirudisha.

Malalamiko hayo hayakuanzia Buyenzi. Kinanda cha kwanza cha kaseti cha aina hii kilichopata umaarufu, Walkman ya kampuni ya Sony, kilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa bei ya yeni 33,000. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba alichukua kinanda cha majaribio akaenda nacho nyumbani kukisikiliza, mara akagundua kwamba mkewe amechukizwa, kwa maana alijiona amefungiwa nje. Morita hakumlaumu mkewe, bali aliamuru kinanda kirekebishwe. Kikatolewa kikiwa na matundu mawili ya visikilizio, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho kikibonyezwa hupunguza muziki na kuwawezesha kusemezana kwa kipaza sauti kidogo kilichomo ndani. Hata hivyo wanunuzi walikipenda kinanda hicho kuwa kitu cha mtu binafsi, na katika matoleo yaliyofuata kitufe kile kiliondolewa. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza kulalamika alikuwa katika nyumba ya mwenye kiwanda, na dawa aliyotengenezewa haikudumu.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Januari, mume alipokwisha kushikwa na usingizi, mke alivitoa visikilizio masikioni mwake polepole, akavitia katika masikio yake mwenyewe. Alitaka kujua ni nini hicho kilichomshinda yeye kwa utamu. Aliviondoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Ulikuwa wimbo wa inanga, ambao kwa asili yake ni wa kunong'ona, lakini ulikuwa ukinguruma kama lori linalopanda mlima. Alitazama kioo. Alama ya sauti ilikuwa imefika mwisho wake.

Alidhani ni ukaidi. Alikumbuka kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akaona methali imempata mwenyewe wake.

JUMAPILI YA MOSHI

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wakazi wa jiji hawana haja ya kuelezwa. Moto ulianza asubuhi, ukala vibanda kwa mamia, na maelfu ya watu waliotegemea soko lile waliamka na riziki wakalala hawana. Kutoka Buyenzi moshi ulionekana ukipanda juu ya mabati, mweusi na mnene, na mitaa ikajaa mayowe.

Saa ile sajini alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, mgongo ameupa mlango, akipiga buti zake dawa. Kinanda kilikuwa ndani, juu ya meza, kikichajiwa. Masikio yake yalikuwa wazi. Mke aliyekuwa jikoni aliliona jambo hili kwa macho yake, na bila hivyo asingalisadiki.

Mtoto aliingia mbio kutoka barabarani. "Baba! Soko linaungua!" Baba aliendelea kusugua buti. "Baba!" Mkono ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi. "Baba, soko!" Mara ya tatu mtoto alisogea akamshika bega kwa nyuma.

Kilichofuata kilikuwa cha nukta moja. Sajini aligeuka, akamshika mtoto mkono, akamlaza chini na kumfunika kwa mwili wake. Buti liliruka likagonga ukuta. Kisha akaona ni nani aliye chini yake. Alimwinua, akamkung'uta vumbi magotini, akamkung'uta tena pasipo na vumbi. Mikono yake ilitetemeka. Ndipo alipoinua uso akauona moshi.

Mke alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Kwa miezi miwili alikuwa amepigana na kinanda kile kama mwanamke apiganaye na mke mwenza, na sasa aliona kwamba alikuwa amemshitaki asiyehusika.

Jioni, watu walipokuwa wangali wakihesabu hasara barabarani, alikaa mbele ya mumewe, goti kwa goti.

"Baba watoto, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini husikii?"

Sajini alinyamaza kitambo. Halafu alieleza, kwa maneno machache. Kombora la mzinga liliangukia nyuma ya ukuta waliojikinga. Hakuna aliyeumia, na kwa hiyo hakuna aliyeandikwa. Lakini tangu saa ile ulikaa masikioni mwake mluzi mwembamba usiokoma, kama birika lililosahauliwa jikoni. Mchana makelele ya watu huufunika kidogo. Usiku, nyumba inaponyamaza, huwa wenyewe tu. Muziki ulikuwa kifuniko.

"Sisikilizi nyimbo," alisema. "Naukimbia huo mluzi."

"Na kwa nini hukusema?"

Hapo alitazama juu ya paa. Nusu ya nyumba ile ilikuwa imeezekwa kwa posho ya Somalia. Chumba cha pili kilikuwa na kuta tu, kikingojea safari nyingine. Orodha ya kikosi kijacho ilikuwa ikiandaliwa, na kabla ya jina kuandikwa askari hupimwa afya. Mwenye masikio mabovu hatapita, na mwenye kukiri kwamba ni mabovu amejiondoa mwenyewe.

SIKIO NA HAZINA YAKE

Walibishana siku kumi. Mwishowe alikubali kwenda kumwona daktari wa masikio, na mkewe akafuatana naye. Sajini aliketishwa katika chumba kidogo kisichopenya sauti, akatiwa visikilizio vikubwa, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Milio ya chini, ile iliyo kama ngoma, aliisikia vyema. Milio ya juu ilimpita kimya kimya. Daktari alichora mstari ulioanza vizuri kisha ukaporomoka kama mteremko wa mlima.

Ndani ya sikio, alieleza, mna mfereji uliojikunja mfano wa konokono. Humo mmepangwa seli zipatazo elfu kumi na tano, zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Sauti ikiingia, vinyweleo hutikisika kama majani ya mpunga upepo upitapo, na mtikisiko huo ndio unaopelekwa kwenye ubongo. Upepo ukiwa wa kadiri, mpunga huinama ukainuka. Ukiwa tufani, hulala usiinuke tena. Seli hizo kwa binadamu hazioti upya. Mlio mmoja wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho chaweza kudhuru mara moja, na kombora la karibu ni baya kuliko hilo. Mluzi anaousikia mgonjwa hautoki nje. Ni ubongo unaotafuta sauti zilizokosekana, na usipozipata hujitungia yake.

Kisha daktari akasema jambo lililomfanya mke ainamishe kichwa. Madhara ya makelele huanza na sauti za juu. Sauti nene za wanaume kambini huendelea kusikika, kwa hiyo mtu hujidhani mzima. Zinazopotea mapema ni herufi kama s, f na t, na pamoja nazo sauti nyembamba, za wanawake na za watoto. Kwa maneno mengine, mtu huyu aliweza kumsikia kamanda wake uwanjani na asimsikie mwanawe aliye hatua tatu nyuma yake.

Juu ya hasara hiyo alikuwa akiongeza nyingine. Muziki uliokazwa hadi mwisho, usiku kucha, ulikuwa ukifyeka mpunga uliosalia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa kanuni ya usikilizaji salama, na hesabu yake inafaa kubandikwa katika kila nyumba yenye vijana. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 haina hatari ikisikilizwa kwa saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, saa hizo hupungua hadi nne. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa juma zima. Kwa watoto kiwango kimeshushwa hadi desibeli 75.

Asiye na kipimo anaweza kutumia akili. Kinanda au simu isipandishwe kupita kadiri ya nusu na kidogo. Ikiwa aliye karibu anausikia muziki unaotoka masikioni mwa mwenzake, umezidi. Ikiwa msikilizaji hamsikii mtu aliye umbali wa mkono mmoja, umezidi. Masikio yakivuma baada ya kuondoa visikilizio, hiyo ni ilani, na ilani hiyo haifai kusubiri ya pili. Askari na polisi wanaokwenda kulenga shabaha wazibe masikio kwa vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala wasione haya, maana risasi haitambui shujaa. Tena mafuta, njiti na manyoya ya kuku hayatibu mluzi, bali huongeza ugonjwa mwingine.

BEI YA UKWELI

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mambo yalinyooka hapo. Hayakunyooka. Orodha ilipotoka jina la sajini halikuwamo. Alihamishiwa ghalani, kazi ya heshima lakini isiyo na posho ya ng'ambo. Chumba cha pili kilikaa bila bati kwa miaka mitatu, na mvua zote za miaka hiyo zilikiona. Walikuwako majirani walionong'ona kwamba mwanamke yule amejikatia riziki kwa mdomo wake mwenyewe, na zilikuwako siku ambazo naye alidhani hivyo, hasa alipopeleka mtoto shuleni na ada pungufu. Mume hakumlaumu, ila siku moja, akiwa amechoka, maneno yalimponyoka: "Laiti ungalinyamaza." Mke hakujibu. Alitoka nje akateka maji ambayo hayakuhitajika.

Lakini kuna lililokuja badala ya bati. Nyumba ilijifunza adabu mpya ya kusema. Hakuna tena aliyemwita baba kutoka nyuma wala kutoka chumba cha pili. Mtoto aliamriwa apite mbele, aonekane, ndipo aseme. Walijifunza pia kutopiga kelele, kwa kuwa kelele hunenepesha sauti bila kuisafisha. Aliyesema taratibu, uso kwa uso, alisikika zaidi. Jioni mtoto alikaa upande wa kulia wa baba yake, sikio lililosalimika zaidi, akasoma kitabu cha shule kwa sauti. Mwezi wa kwanza baba alisikiliza tu. Mwezi wa pili alianza kumsahihisha, na mtoto, kama watoto wote, akalalamika kwamba zamani ilikuwa afadhali.

Kuhusu kinanda, daktari hakukipiga marufuku. Alisema sauti ndogo chumbani usiku humsaidia mwenye mluzi, ilimradi isitiwe ndani ya sikio, na isizidi mluzi wenyewe, bali iwe chini yake kidogo, mpaka ubongo uzoee na kuacha kuuangalia. Mke alimtafuta yule kijana wa nyimbo. Kibanda chake kilikuwa kimeteketea pamoja na kompyuta, naye alikuwa ameanza upya katika soko la Ruvumera, hapo hapo Buyenzi, kwa kompyuta ya kuazima. Aliuza spika ndogo kadiri ya chungwa. Ikaunganishwa na waya ule ule, ikawekwa dirishani, mbali na kitanda.

Usiku wa kwanza walipiga inanga. Chombo hiki cha Burundi ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na juu yake uzi hupitishwa huku na huku, kwa asili uzi wa kano za ng'ombe. Mlio wake ni mdogo. Kwa hiyo mwimbaji haimbi kwa sauti bali hunong'ona, na kunong'ona kwake huungana na nyuzi hata msikilizaji asijue neno limeishia wapi na uzi umeanzia wapi. Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, hupigwa ili mlima wa pili usikie. Inanga hupigwa ndani ya nyumba, jioni, kwa watu waliosogea. Anayeitaka lazima akae karibu na mwenzake.

Mke hakuelewa maneno yote, kwa kuwa yalikuwa Kirundi cha kale na yeye alilelewa katika Kiswahili cha Buyenzi. Aliuliza maana. Mume alimweleza, na baada ya kueleza aliongeza habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akikaa na ubao ule mapajani wakati wa mvua. Katika miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa hajawahi kuisema habari hiyo. Naye mke, alipoona mlango uko wazi, alianza kutoa akiba yake moja moja: jirani aliyefiwa, ada, malaria ya mwezi wa Machi.

Miaka mingi imepita. Chumba cha pili kimeezekwa. Mtoto wa miaka tisa ni kijana sasa, ana simu ibebayo nyimbo kuliko vinanda kumi vya baba yake, na visikilizio visivyo na waya kabisa. Mama yake akipita huinama karibu na kichwa chake, na akisikia muziki ukivuja humgusa bega kwa mbele, si kwa nyuma. Kijana hupunguza sauti bila ubishi, kwa sababu anaikumbuka Jumapili ile na vumbi la magotini.

Kinanda cha Somalia kimechakaa. Betri yake haishiki tena, hukaa daima kwenye waya wake dirishani, na herufi za kioo zimefifia. Mluzi nao haujaondoka, na daktari hakuahidi kwamba utaondoka. Kila usiku, kabla ya kulala, mke huipunguza sauti kidogo, kisha humsogelea mumewe sikio la kulia na kumwuliza kama bado anasikia. Akijibu kuwa bado, huipunguza tena, kidogo tu, na hapo ndipo huiacha hadi asubuhi.